Mbwa wangu nikimfungua kamba harudi, na Desemba nataka kupanda naye Lushoto

DadaWaRaskazone

Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri na msinicheke sana.

Nina mbwa dume, chotara wa Jamani shepadi na hawa mbwa wetu wa kawaida, anaitwa Radi, ana mwaka mmoja na miezi miwili. Jina nimempa mwenyewe na sasa nalijutia maana ndo alivyo, geti likifunguka kidogo tu keshafika barabarani. Nyumbani hana shida, anajua siti, anajua stei, anatoa mkono, watoto wa dada'ngu wanamlalia kama mto. Tatizo ni nje.

Huwa natoka naye alfajiri kwa pikipiki ya kaka yangu (ndio anapanda, anakaa katikati) mpaka ufukweni Mwambani hapa Tanga, maji yakiwa yametoka pale panabaki uwanja wa mchanga mpaka macho yachoke. Namfungua akimbie, kwa sababu kwa kamba hata nimtembeze saa nzima hachoki, tukirudi ndo kwanza anaanza kuchimba mashimo na kutafuna kandambili za watu. Akifunguliwa anafurahi mpaka na wewe unafurahi, anakata duara kubwa kubwa anafukuza kaa, ila sasa kurudi. Namwita kamu Radi kamu kamu kamu, ananitazama kabisa macho kwa macho, af anageuka anaenda zake. Kuna siku nimemkimbiza dakika arobaini, kazini nikachelewa, na nilipomkamata nilimchapa na kamba, nasema ukweli wangu, nilikuwa na hasira.

Wiki iliyopita ndo imenifanya niandike. Kuna mama anaanika dagaa juu ya wavu, Radi kamwona kunguru anadokoa, katoka mbio kapita katikati ya dagaa, kunguru karuka, bwana mkubwa akabaki pale anakula, na alipomaliza kula akainua mguu. Jamani. Yule mama alisema maneno siwezi kuyaandika na haki anayo. Nimelipa elfu thelathini nikaomba radhi mpaka nikapiga magoti. Bado hapo kuna watoto walikuwa wanakwenda shule wakaanza kukimbia kwa woga, na yeye akaona mchezo umeanza akawafuata. Hajawahi kung'ata mtu, lakini mtoto anayelia hilo halijui.

Sasa hivi ni mwanzo wa Septemba. Desemba nina likizo, tunakwenda Lushoto wanne, siku tatu za kutembea kwa miguu mpaka Irente na vijiji vya kule, na ndoto yangu ni Radi awe anatembea nasi akiwa huru bila kamba. Inawezekana au najidanganya? Wa kuniambia nimfunge tu nawasikiliza pia.

Yakhe_Mkwakwani

Yakhe huyo mbwa ni wa Tanga haswa, waja leo waondoka leo. Hapo kwenye kuinua mguu nimecheka mpaka nimemwaga chai. Pole lakini.

Komandoo77

Mnaendekeza mbwa kama watoto. Mnunulie ule mnyororo wa kukaba, akienda vuta kwa nguvu, siku tatu ameelewa. Au wapo wanaoagiza mikanda ya umeme, unabonyeza rimoti. Mbwa anaheshimu anayemwogopa.

MzeeWaFilimbi

Komandoo kaka, mimi nimeshika mbwa wa ulinzi miaka kumi na moja, maghala na yadi, mnyororo wa kukaba naujua kwa mkono wangu. Siubishii kwamba unamfanya mbwa atembee karibu. Lakini huyu dada hana tatizo la kuvutwa, ana tatizo la mbwa aliye mita mia mbali, ambaye mnyororo haupo tena. Mbwa anayerudi kwa woga hurudi mpaka anapofika hatua tatu hivi, hapo anasimama nje ya mkono wako anakuchungulia. Nimewaona wengi wa namna hiyo, na nimewafanya mwenyewe nikiwa kijana sijui kitu.

Dada, Radi si kiziwi na si jeuri. Anaelewa "kamu" vizuri kuliko wewe. Alichojifunza ni kwamba kamu maana yake raha imekwisha, kamba shingoni, nyumbani, na siku nyingine bakora. Mbwa hajui kwamba bakora ni ya yale aliyoyafanya dakika arobaini zilizopita, anachojua nimefika kwa huyu mtu nikapigwa. Ungekuwa wewe ungekwenda? Kwa hiyo hilo neno limeshachafuka, liache kabisa, usilisafishe. Nunua filimbi, hii ya plastiki ya refa inatosha. Uzuri wa filimbi haina hasira, siku umelala vibaya na siku umefurahi inalia vilevile, na jirani hakusikii ukipayuka alfajiri. Wasiotaka filimbi watafute neno jipya, ila lisiwe la mtaani, nina rafiki alichagua "karanga" matokeo yake mbwa akawa anamfuata kijana wa karanga.

Sasa kabla hujaitumia lazima uijaze thamani. Chemsha maini ya ng'ombe, kata vipande kama punje ya hindi. Siku za mwanzo ukiwa ndani, yeye yupo hapo hapo miguuni, puliza mara moja na mpe maini palepale. Humwombi chochote, humwambii siti. Fii, maini. Fii, maini. Mara kumi kwa siku, siku nne tano. Utaona siku moja amelala, ukipuliza shingo inageuka kabla macho hayajafunguka, hapo imeingia. Ndo unaanza kujificha chumba cha pili, halafu uani, halafu nje ya geti na kamba.

Watu wanadhani haya ni mambo ya kizungu. Hapo Morogoro, kwenye kampasi ya chuo kikuu cha kilimo SUA, shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Panya! Hakuna anayemchapa panya. Kuna kidude kinalia klik, ikilia anajua ndizi inakuja, basi, msingi wote ndo huo. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapohapo, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua zaidi ya 100 ya mabomu na vilipuzi vingine, na 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Kama panya wa Morogoro kaweza kufanya kazi hiyo kwa ndizi, Radi atarudi kwa maini.

Kuhusu kamba: nenda wanapouza vifaa vya uvuvi nunua manila mita kumi mpaka kumi na tano, unene wa kidole kidogo. Ifunge kwenye hanesi ya kifuani, SIYO kwenye mkanda wa shingo, maana akichomoka mita kumi kwa mbio zile na kamba ikafika mwisho kishindo chote kinaishia kooni. Na usiizungushe mkononi hata mara moja, nina kovu la kiganja mpaka leo. Iache iburuzike, wewe uwe karibu na ncha, ukiona anataka kwenda kanyaga.

Na hapa ndo penye siri yenyewe, wengi wanapakosea hata wakifuata mengine yote. Ukimwita akaja, mpe, halafu MWACHIE AENDE TENA. Kila ukimwita mara kumi, mara tisa aende tena kucheza. Umesema anapenda kufukuza kaa, basi kaa ndo mshahara wake mkubwa kuliko maini, akija mwambie haya nenda, arudi kwenye kaa wake. Baada ya muda kuitwa kunakuwa si mwisho wa raha, kunakuwa ni kituo tu njiani anapita kuchukua kitu. Siku ya kurudi nyumbani usimwite ukafunga palepale, mwite, cheza naye kidogo, tembea naye hatua ishirini, ndo ufunge.

Mengine madogo. Usipulize mara mbili. Usipulize ukijua hatakuja, kwa mfano ameshaanza kumkimbiza mbuzi, hapo unamfundisha tu kwamba filimbi inaweza kupuuzwa. Na usimfukuze kamwe, mbwa ana miguu minne na wewe una miwili na kandambili. Geuka ukimbie upande wa pili huku unapiga makelele ya furaha, utaonekana kichaa, lakini atakufuata.

Umri wake nao ndo huo wa ukaidi, anabalehe. Miezi sita mpaka kama mwaka na nusu wanasahau hata waliyokuwa wanayajua. Kumhasi kuna faida zake ila hakumfundishi mtu kurudi akiitwa.

BintiMuheza

Mzee umemaliza, mimi naongezea kidogo kuhusu kuchoka. Dada unamkimbiza ili achoke, mimi pia nilifanya hivyo na nilichopata ni mbwa mwenye mapafu ya mwanariadha, kila wiki anataka zaidi. Kinachowachosha kweli ni pua. Mimi nachukua vifuu vya nazi kama kumi, navifudikiza uani, vitatu chini nimeweka dagaa, namwambia tafuta. Dakika kumi na tano tu analala kama amelima. Asubuhi chakula simwekei kwenye bakuli, namwaga kwenye majani autafute mwenyewe. Wangu ni mbwa koko kabisa niliyemwokota sokoni, hana shepadi hata tone, na kwa akili anawashinda wa geti kubwa.

Ila naomba kutoa tahadhari kwa wote mnaofungua mbwa kwenye mashamba ya mkonge huku kwetu. Panaonekana pazuri, barabara nyekundu, mistari imenyooka, hakuna gari. Ncha ya jani la mkonge ni sindano na iko usawa wa jicho la mbwa. Wangu alimkimbiza kanga akaingia katikati ya mistari, nikasikia mlio mmoja tu. Jicho la kushoto haoni mpaka leo. Sikuwa na kamba wala filimbi, nilikuwa na simu mkononi napiga picha.

DadaWaRaskazone

Pole sana Binti jamani. Mzee asante, nimesoma mara tatu, na hapo kwenye "ungekuwa wewe ungekwenda" nimeona aibu. Swali: hiyo kamba ndefu naitumia mpaka lini? Na maini kila siku si ataninenepea?

MzeeWaFilimbi

Kunenepa unapunguza kwenye ugali wake wa jioni. Kamba mpaka utakaposahau kwamba umeishika. Mimi kipimo changu: ukimwita mara ishirini sehemu tofauti, kuna watu, kuna mbuzi mbali, kuna mbwa mwingine, na mara zote ishirini akageuka papo hapo, basi anza kukata kamba vipande, leo mita kumi, wiki ijayo sita, mwisho kinabaki kipande cha kiganja kinaning'inia. Akikosea mara mbili mfululizo unarudi nyuma. Wapo walionichukua wiki sita, wapo mmoja alinichukua mwaka na bado simwamini kwenye kuku.

AmiWaChumbageni

Assalaam alaykum. Binti yangu, mimi sifugi mbwa ila nimevutwa na mazungumzo. Nakupongeza kwa kumlipa yule mama.

Nikuombe jambo moja. Huku pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafii, mbwa akimgusa mtu kwa mate au akiwa ameloa, hapo panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sasa mtu ametoka na udhu wake anakwenda kuswali alfajiri, saa hiyohiyo unayotoka wewe, mbwa anakuja kwa furaha anamlamba kanzu. Wewe unasema "hang'ati huyo, usiogope". Yeye hakuwa anaogopa meno. Ana haraka ya jamaa inakimu na sasa arudi nyumbani. Hapo ndipo chuki inapoanzia, na vijana wanaorusha mawe wanajifunza kwa wakubwa zao.

Wala sisemi mbwa ni adui. Suratul Maida aya ya 4 imetaja wanyama wa kuwindia waliofundishwa, na wamekubaliwa kwa sababu ya kufundishwa. Ukimwona mtu mbele mwite mbwa wako, mweke upande wa pili, salimia. Mtu akiona unajishughulisha, hasira inapungua hata kabla hujafungua mdomo.

DadaWaRaskazone

Shikamoo Ami. Hilo la "hang'ati huyo" nalisema kila siku, sikuwahi kulifikiria hivyo. Nimekuelewa.

MshambaaWaMlimani

Marhaba ya huku juu kwenye baridi. Mimi nipo Lushoto na huwa nawatembeza wageni, kwa hiyo nikwambie ukweli kabla hujalipia nyumba za kulala wageni.

Njia za huku unazoziona kwenye picha kama ni pori, siyo pori, ni njia za watu kwenda shambani. Kila kona kuna mbuzi amefungwa, kuku, bibi ana mzigo wa kuni kichwani, matuta ya kabichi, njegere, viazi. Mbwa akikata kona kupita kwenye matuta amekanyaga ada ya shule ya mtoto wa mtu. Na mbwa wa kila boma wapo, hawatamwuliza Radi katoka wapi. Kwa hiyo huru kabisa siku tatu nzima, hapana. Vipande vipande inawezekana, kuna sehemu za miti ya kupandwa na njia pana ambapo unaona mbele mita mia mbili, hapo unaweza kumwachia kamba iburuzike.

Irente mfunge. Nasema mfunge kwa kamba fupi mkononi, hata kama atakuwa amehitimu. Pale kwenye mwamba ni poromoko, chini kabisa unaona tambarare ya Mazinde na mashamba yanaonekana kama leso zimeanikwa. Mbwa anayefukuza kunguru hajui kwamba mwamba umeisha.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, kuna mbega na kima, usipange kupita na mbwa bila kuuliza kwanza wahusika wa misitu. Hifadhi za taifa ndo usijaribu kabisa, iwe Mkomazi iwe Saadani, mbwa haingii. Watu huona ni ukali wa bure ila mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua simba kama elfu moja kule Serengeti, karibu theluthi ya wote waliokuwepo, na mbwa wa vijijini walihusishwa. Mkomazi wanatunza mbwa mwitu, hao kichaa cha mbwa na distempa vinaweza kuwamaliza kundi zima.

Mengine: barabara ya Mombo kupanda huku ni kona tupu, usimlishe saa kadhaa kabla, atatapika kwenye gari la watu. Desemba mvua za vuli zinaweza kuwa bado hazijakatika, udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Na piga simu kabla uulize kama wanapokea mbwa, wengine wanakubali alale barazani tu, na usiku mbwa wa Raskazone atatetemeka, beba blanketi lake.

BwanaMifugoMstaafu

Wanangu hamjambo. Nimesoma, mafunzo mmeyaeleza vizuri, sasa afya maana naona hakuna aliyegusa.

Kwanza kadi ya chanjo. Kichaa cha mbwa anachanjwa kuanzia miezi mitatu na kurudia kila mwaka, na kadi iwe kwenye begi lako unapotembea. Mbwa wako hata akimkwaruza mtu kwa jino kwa bahati mbaya, kitu cha kwanza ni kuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo. Siyo pilipili, siyo mafuta ya breki, nimeyaona yote. Ugonjwa huu dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Mwezi huu huu tarehe 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi chanjo hutolewa kwa kampeni, ulizeni ofisi ya mifugo ya kata yenu. Na chanjo ya parvo na distempa isisahaulike kama anakwenda kukutana na mbwa wa vijijini.

Pili, joto. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, na unyevu wa hewa wa Tanga unamnyima hata hiyo nafasi. Mbwa mwenye bidii kama Radi hatasimama mwenyewe, atakimbia mpaka aanguke, wewe ndo wa kumsimamisha. Weka mgongo wa kiganja kwenye lami au mchanga, ukishindwa kuhesabu mpaka saba, miguu yake nayo haiwezi. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 mpaka 39 na kidogo, likipita 40 hatari imeanza: fizi nyekundu sana, ute mzito, anayumba. Mwagie maji ya kawaida mwili mzima na mpepee, halafu kwa daktari. Asinywe maji ya bahari, atahara na kutapika na maji yatamwishia mwilini, beba ya kwake.

Tatu, na hili la ufukweni wengi hawalijui: bunju. Yule samaki anayejaza tumbo kama mpira, wavuvi wanamtupa mchangani. Sumu yake haiishi kwa kukauka wala kwa kupikwa, mbwa akila anaanza kulegea miguu ya nyuma, kisha pumzi. Mfundishe Radi neno la kuacha, "acha", kwa bidii hiyohiyo ya filimbi. Na akirudi mwangalie mdomoni kama kuna ndoana.

Kupe: mkague kila mkirudi, ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Vuta moja kwa moja na kibanio, usichome na kiberiti wala kupaka mafuta ya taa. Homa ya kupe anaanza kwa kukataa kula na fizi kupauka, usisubiri. Upande wa Pangani kwenda Saadani kuna mbung'o, wanaleta ugonjwa wa nagana hata kwa mbwa, ukiona jicho limefanya ukungu wa bluu usiseme ni vumbi.

Nyoka: kifutu halikimbii, linalala njiani, mbwa analinusa na anang'atwa puani. Mbebe, asitembee, usikate wala usifunge kamba mguuni, nenda. Swila akimtemea machoni ni maji mengi sana, dakika kumi na tano za kuosha.

Komandoo77

Dah dokta hapo kwenye mafuta ya breki umenigusa, babu alinipaka nilivyokuwa mdogo 😅 Nabaki na msimamo wangu kwa mbwa wa ulinzi ila hili la mita mia nimelikubali.

DadaWaRaskazone

Nimerudi wapendwa, leo ni tarehe nne Desemba. Samahani kwa ukimya, nilisema nisiandike mpaka niwe na la kusema.

Filimbi iliingia siku ya sita, alikuwa amelala chini ya meza, nikapuliza, kichwa kikagonga meza. Nilicheka peke yangu. Vifuu vya Binti vimeokoa kandambili zote za nyumba. Oktoba yote ilikuwa kamba ya manila tu, na wiki ya tatu nilianza kujiona fundi nikamwachia mapema, akaenda kumsalimia punda wa mchanga na akapigwa teke la ubavu, hakuvunjika kitu ila tulirudi mwanzo kabisa kama Mzee alivyosema. Novemba kukaingia kitu ambacho sijui nieleze vipi, yaani akawa anakimbia halafu anageuka mwenyewe kunitazama bila kuitwa, kama anauliza vipi, nipo bado? Mzee hukunitajia hili.

Jana nilipita pale pa dagaa makusudi, kamba ya mita sita inaburuzika. Mama alikuwepo, aliponiona akashika fagio. Kunguru wakatua. Radi akanyanyua sikio, akatoka hatua kama nne, nikapuliza. Akasimama. Akamtazama kunguru, akanitazama mimi, tena kunguru, mimi moyo unadunda kama nangoja matokeo ya mtihani, akageuka akaja mbio. Nikampa maini yote yaliyobaki mfukoni kwa mpigo. Mama hakusema kitu, aliweka fagio chini akaendelea kugeuza dagaa. Leo nimenunua kwake kilo mbili.

Tunaondoka tarehe ishirini. Irente atakuwa na kamba fupi, kwenye mashamba kamba ndefu, kadi ya chanjo ipo, blanketi lipo. Huru kabisa sidhani kama ni mwaka huu. Kitu kimoja tu, hanesi inamchubua kwapani, pamekuwa pekundu. Nifanyeje?

MzeeWaFilimbi

Huko kugeuka hakufundishwi, ndo maana sikutaja. Hanesi mpelekee fundi viatu akushonee kitambaa cha jinzi kukuu pale kwapani, na mpumzishe siku tatu. Usipake chochote, atalamba.

BintiMuheza

Jinzi ikiloa maji ya chumvi inakuwa ngumu kama gome, tumia fulana. Na picha za Irente tunazidai.